Upande wa Mume Wetu

4 Februari

Chiriku, mke mwenzangu,

Pokea salamu, na ukizipokea usinijibu kwa mkato kama mwaka jana, mistari miwili halafu "wasalimie wote". Wote ni nani? Mimi mzima. Mgongo unalalamika lakini haujaacha kazi. Mjomba wako mzima, mkewe mzima, watoto wao wazima kupita kiasi. Jana wamerukia godoro ambalo sijalishona mdomo, pamba ikatapakaa uani kama tumechinja mawingu. Nimewakimbiza na fimbo ya kupigia pamba, sikumpata hata mmoja, nikarudi nikacheka peke yangu.

Macho yako yavumilie mwandiko. Shule niliiona kwa nje. Herufi nilifundishwa na mume wetu, na mume wetu alikuwa mchora mabango, hakuwa na herufi ndogo wala za haraka. Ndiyo maana barua yangu inasomeka kama duka limefunguliwa.

Sasa la maana. Nimekutumia sanduku kwa basi. Ndani mna kanda zake na ile sahani yetu ya santuri. Mashine yake, ile yenye spika moja mbele kama jicho la chura, imekata roho. Mjomba wako ameigeuza meza ya kuwekea chungu cha maua. Nimemwambia, nikifa nawe utaniwekea chungu mgongoni?

Mama yako anasema wewe na kompyuta yako mnaweza kuitoa sauti kwenye sahani mkaiweka kwenye kitu kidogo kama ukucha. Kama ni kweli, fanya. Kama ni maneno ya kujisifu, rudisha sanduku.

Sahani ni hiyo moja tu. Nyingine zilivunjika, na ya mwisho kaka yangu aliikalia, Mungu amsamehe, alikuwa na uzito wake. Wimbo ni "Hodi". Mimi nipo ndani ya nyumba, mume wetu amechelewa, yuko nje anabisha. Nauliza, anajibu. Fundi wa studio alitutenganisha: babu yako kushoto na gitaa lake, mimi kulia, kila mtu na maiki yake, tunatazamana kama majogoo. Watu walidhani nimeajiriwa kutoka mjini. Kumbe mtengeneza magodoro, pamba bado iko kwenye nywele.

Nataka kumsikia akinijibu. Sina ombi lingine.

Usinipigie simu. Simu imeharibika na fundi simu ni mwongo. Andika.

Ni mimi, mke mkubwa


19 Februari

Shikamoo Bibi, mke mkubwa,

Mimi mzima, kazi nzima. Bado niko stoo ya dawa, bado nahesabu maboksi, na bosi bado anakohoa kabla ya kusema neno ili tujue neno ni zito. Wasalimie mjomba, mkewe, na wote waliorukia godoro.

Sanduku limefika salama. Ulivyolifungia pamba, mlinzi wetu aliuliza kama nimetumiwa mtoto mchanga. Nikamwambia ni mume wangu.

Kazi nimeianza. Mashine ya santuri nimeazima kwa mzee mmoja, fundi redio, ana kibanda chini ya ngazi za jengo ninaloishi. Nimeiweka juu ya blanketi lililokunjwa, maana malori yakipita hapa nje sindano inaruka. Kanda zilinisumbua. Ya kwanza Babu alisikika kama anaongea akiwa amejifunika shuka. Nikakagua, kumbe kile kisponji kinachousukuma utepe ukutane na kichwa cha mashine kimedondoka kwa uzee. Nikang'oa kisponji cha kanda nyingine isiyo na maana, nikabandika. Shuka likaondoka. Anahesabu: moja, mbili, moja, mbili, halafu anakutania kuhusu chumvi.

Nimekutumia redio ndogo, kadi iko ndani yake, na visikilizio vya kuvaa kichwani, kwa sababu najua yule fundi vyuma jirani yako hakai kimya. Upande wa kulia nimefunga uzi mwekundu. Uzi mwekundu, sikio la kulia.

Nimekupigia simu mara nyingi. Mbona inaita vizuri tu?

Mke mdogo, Chiriku


6 Machi

Chiriku,

Mjomba wako kapaka ukumbi rangi, amechagua rangi ya maziwa yaliyolala. Mkewe amenuna. Binti wa jirani kapata kazi, sasa anatembea kama barabara ni ya baba yake, na ana haki.

Nimesikiliza. Sikufichi, umenitumia mzinga wa nyuki. Wuuu, mwanzo hadi mwisho. Nyuma ya nyuki kuna mtu anakaanga. Nyuma ya mkaangaji ndipo tulipo sisi, na kila nikipandisha sauti napasuka kama bati. Sauti ile haikupasuka siku ile. Ilipanda ikakaa huko juu, fundi wa studio akavua kofia. Mimi siimbi kama bati, na mjukuu wangu asiniuze kwa watu kama bati.

Kanda hazina neno. Nimesikia kuhusu chumvi. Mwongo mkubwa, chumvi ilikuwa sawa.

Nakukumbusha jambo ambalo huenda hulijui. Mume wetu kila mwaka aliifuta ile sahani kwa mafuta ya cherehani, ili sindano iteleze isiumie. Paka na wewe.

La simu tuliache.

Bibi yako


15 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Bibi, anayekaanga ni Babu! Hayo mafuta ya cherehani yamekamata vumbi la miaka yote hiyo, yamelisukuma ndani ya mifereji, na sindano inapita humo kama gari kwenye changarawe. Nimeiosha sahani kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo na brashi laini, nimefunika duara la katikati ili karatasi yenye majina yenu isilowe. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai ya mlinzi. Ya mwisho yalitoka safi. Msalimie mume wetu huko aliko, umwambie mke mdogo ameghairi mafuta.

Nyuki nao nimewafukuza. Nyuma ya mashine kulikuwa na waya mwembamba unaoning'inia, nikadhani ni wa ziada. Fundi redio akacheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Ule waya kazi yake ni kupeleka mvumo wa umeme chini. Nimeufunga kwenye skrubu yake, nyuki wakanyamaza kama umefunga mlango.

Na bati ni kosa langu. Nilikuwa naingiza sauti kubwa mno, kompyuta inaonyesha taa nyekundu, mimi naona ni mapambo. Nimeipunguza. Sasa ukipanda, unapanda mzima. Mimi mwenyewe nilivua kilemba.

Kadi mpya hii hapa. Ninaringa nayo, Bibi. Isikilize, uniambie.

Chiriku


29 Machi

Chiriku, mwizi wa waume,

Habari za nyumbani ni nzuri, sitazirefusha, nina hasira.

Nyuki hawapo. Mkaangaji hayupo. Mimi nipo, na nasema bila haya kwamba mimi ni mwimbaji! Nimejisikia nikaketi wima kwenye godoro la mteja. Mke wa mjomba wako akaniuliza huyu mwanamke ni nani, nikamwambia muulize mumeo alinyonya wapi.

Lakini mume wetu umempeleka wapi?

Nauliza: Hodi hiyo ya nani, taa nimeshazima? Kimya. Basi si kimya kabisa, kuna mtu anajibu kwa mbali, kama yuko nyumba ya pili na ukuta katikati. Gitaa pia liko huko nyumba ya pili. Mimi niko karibu kabisa, pumzi yangu naisikia. Nauliza tena: Ulikuwako wapi, chakula kimepoa? Namsubiri. Hakuna mtu. Mwanamke mzima naongea na mlango.

Katika wimbo ule yeye ndiye mwenye utamu. Mimi nauliza tu, kuuliza kila mtu anaweza. Anajibu hivi, nisije nikasahau: Ni ya mwenye kitanda, viatu mkononi. Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko hapo. Sasa viatu viko wapi? Umemfuta pamoja na mafuta yake.

Mtafute. Ulimwosha sana, au kompyuta imemla upande. Usiniambie yuko sawa, masikio haya ndiyo yaliyomchagua.

Bibi yako, ambaye bado anakupenda lakini kwa shida


7 Aprili

Shikamoo Bibi,

Pole sana. Nimeumia kusoma, maana kadi ile niliituma nikijiona fundi.

Huku kwangu Babu namsikia, kushoto, na viatu vyake. Lakini sikubishii. Nimeanza upya kama sijawahi kugusa kitu. Nimetoa sindano na kichwa chake, nimesafisha vile vijiti vinne vya chuma vya nyuma yake, kimoja kikishika kutu upande mmoja unapotea. Nimebadilisha waya unaoingia kwenye kompyuta. Nimeangalia kwenye skrini: sauti inachorwa mistari miwili, wa juu ni wake, wa chini ni wako, yote inacheza. Huo wa juu ukikuta kicheko unaruka kama mbuzi. Nimetengeneza kadi nyingine, na kwa usalama nimekuongezea visikilizio vipya, vya zamani huenda vimekatika ndani. Uzi mwekundu nimefunga tena.

Nina ombi dogo. Ukishasikiliza, vigeuze. Uzi mwekundu uende kushoto. Usikilize hivyo wimbo mmoja tu, uniambie unasikia nini. Ndivyo mafundi wanavyotafuta penye kosa.

Mama anakusalimu. Anauliza kama ni kweli siku hizi humfungulii mtu mlango.

Chiriku


25 Aprili

Chiriku,

Sisi wazima. Mvua imekuja na kuondoka kama mgeni aliyesahau kofia. Nimeshona godoro la maharusi, pana kama uwanja, wakigombana humo watahitaji barua kupatana.

Mwambie mama yako milango nafungua. Anayetaka kufunguliwa agonge kama mtu, asigonge kama paka.

Habari njema ya mtaa huu ni kwamba fundi vyuma amestaarabika. Zamani akigonga chuma meno yangu yanaitikia. Siku hizi anagonga kwa adabu, wala sisumbuki. Nimempongeza, akanitazama kama nimempa mtihani. Mjomba wako ndiye amekuwa na maneno. Eti napayuka mezani, eti majirani wanajua tunakula nini. Mimi sauti yangu ni ya kuimba, nimwambie nini? Aliponyonya hakulalamika kwamba nina sauti.

Mtoto wa mwisho wa mjomba wako ananiringia. Anakuja kukaa ubavuni kwangu, anaongea weee, halafu ananuna eti sijamjibu. Anakaa kushoto huyo. Watoto wa siku hizi wanaongea kwa pua.

Kadi mpya nimeisikiliza. Bado ni nusu. Mume wetu bado yuko nyumba ya pili. Visikilizio vizuri, vinakaa kichwani, ahsante.

Umekonda? Mama yako anasema umekonda. Kula.

Bibi yako


2 Mei

Shikamoo Bibi,

Sijakonda, nguo ndizo zimekua.

Fundi redio amechukua kila kitu, sahani, kadi na visikilizio kama vyako, amekaa navyo kibandani siku nzima, mteja akija anamfukuza. Jioni amenirudishia. Aliyoniambia sitaki kuyaandika. Yeye ni mtu wa vifaa, na mimi sikumwamini, au niseme nilimwamini nikakataa kumsikiliza.

Bibi, hukunijibu kuhusu kugeuza. Naomba ugeuze. Wimbo mmoja tu. Fanya kwa ajili ya mke mdogo, nami sitakuomba kitu tena mpaka uchoke kunipa.

Chiriku


30 Mei

Chiriku,

Umengoja. Nimejua umengoja, mama yako ametuma watu wawili kuuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nilikuwa na magodoro.

Si kweli. Sikuwa na magodoro. Visikilizio vilikuwa juu ya kabati, na mimi nilikuwa chini ya kabati, tunatazamana.

Jana mjomba wako na watu wake wametoka wote, nikashusha. Nikageuza, uzi mwekundu kushoto. Nikabonyeza.

Gitaa likanijia sikioni mpaka nikashika shingo. Si la nyumba ya pili, lile lenyewe, vidole vinasikika vikiburuta kwenye nyuzi. Nikangoja niulize. Nikaona mbona siulizi? Kuna mwanamke huko nyumba ya pili anasema neno silishiki. Halafu mume wetu akajibu, hapa, kama yuko kwenye mto wa kulalia: Ni ya mwenye kitanda, viatu mkononi. Nikacheka kwa sauti peke yangu nyumbani. Akasema na ile ya pili, Nilikuwa njiani, nikikuwaza wewe, na pale mwisho anacheka kidogo puani kwa sababu mimi nilikuwa nimemkonyeza. Studio nzima hawakujua kwa nini alicheka. Mimi najua. Sasa na kompyuta yako inajua.

Nilimsikiliza mpaka mkono ukafa ganzi kwa kushikilia redio.

Lakini wewe tazama. Nikimpata yeye, mimi naondoka. Nikirudi mimi, anaondoka yeye. Tumeishi nyumba moja maisha yetu yote, tukagombana humo, tukazaa humo, leo tunapishana mlangoni kama wapangaji. Yeye anajibu asiloulizwa, mimi nauliza nisijibiwe.

Wewe ndiye mwenye kompyuta. Niambie kosa liko wapi. Au usiniambie. Tengeneza tu.

Bibi yako


11 Juni

Shikamoo Bibi, mke mkubwa,

Huku wote wazima. Bosi kakohoa juzi, nimepandishwa, sasa nasimamia stoo nzima na wanaume wazima wananiita mama. Nimewaza, bibi yangu angewaambia nini? Nikawaambia hivyohivyo.

Kosa nimelipata. Ni la mashine, Bibi. Mashine za siku hizi zinapenda kutenganisha watu: huyu kushoto, huyu kulia, kana kwamba wameachana. Mashine ya Babu ilikuwa na spika moja, ikawalaza wote pamoja, na ndivyo mlivyozoeana. Basi nimeiamuru kompyuta irudishe mambo ya zamani. Ile mistari miwili nimeifanya mmoja. Wewe umo mzima pande zote mbili, na yeye yumo mzima pande zote mbili. Hakuna wa nyumba ya pili tena. Nimewaketisha kiti kimoja.

Uzi mwekundu nimeufungua. Vaa unavyotaka.

Nilipomaliza niliuzima mwanga wa skrini nikausikiliza wimbo wote bila kuangalia mistari. Bibi, nilikuwa nakujua wewe, na Babu nilimjua kidogo. Nyinyi wawili sikuwa nimewahi kuwajua. Nimemgongea fundi redio mlango aje asikie. Akakaa. Ulipopanda ukakaa huko juu, mzee wa watu hana kofia, akavua miwani.

Mke mdogo, Chiriku


28 Juni

Chiriku wangu,

Hongera ya cheo. Wakikuita mama, waitikie kama mama: wapende, na usiwape nafasi ya kupumua.

Sasa nyamaza nikueleze.

Kadi ilipofika sikuiweka masikioni. Nilimwendea fundi vyuma nikamwambia nipe spika lako lile kubwa unalopigia kelele ukipaka rangi mageti. Akalileta uani. Mjomba wako akaja na sura yake ya rangi ya maziwa yaliyolala. Mkewe akaja, watoto, binti wa jirani mwenye barabara, na wateja wawili waliokuja kuchukua magodoro wakakaa juu ya mali yao. Nikamwambia fundi vyuma, washa.

Nikauliza: Hodi hiyo ya nani, taa nimeshazima?

Akajibu.

Chiriku, akajibu! Hapohapo, sijamaliza kufunga mdomo. Ni ya mwenye kitanda, viatu mkononi. Uani watu wakaanguka kwa kicheko kama zamani, na binti wa jirani akasema, "Bibi, kumbe ulikuwa hatari!" Nikamwambia nilikuwa? Mjomba wako hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa anakung'uta kiatu kisicho na mchanga. Nikamwacha. Wimbo ulipokwisha akaingia ndani, akatoka na ile mashine ya jicho la chura, chungu cha maua kimetolewa na vumbi limepanguswa, akaiweka mezani. Haifanyi kazi, lakini imekaa kama mtu mwenye heshima zake.

Baadaye ndipo nilivaa visikilizio, nikiwa peke yangu. Nikageuza hivi, nikageuza vile. Tupo wote, huku tupo, huku tupo. Hatupishani tena.

Sasa tuzungumze mimi na wewe. Unanidanganya kwa adabu. "Ni la mashine, Bibi." Mashine gani? Mimi sikusoma, lakini nimepiga pamba miaka na miaka, na pamba ikikaa upande mmoja najua godoro lina tatizo wapi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilisingizia simu, nikamwita fundi simu mwongo mbele ya watu. Nilimsifu fundi vyuma kwa adabu, na maskini hajawahi kuwa na adabu, anagonga vilevile. Nikamwonea mtoto wa mjomba wako. Halafu nikakuonea wewe, nikakuita mwizi, na wewe ukang'oa sindano, ukabadilisha waya, ukajifanya hujui kazi, mwezi baada ya mwezi, ili tu usiniambie bibi yako kiziwi.

Basi nasema mwenyewe, kwa herufi zangu za bango: SIKIO LA KUSHOTO LIMEFUNGWA. Nililijua na nikakataa kulijua. Mficha uchi hazai, nami nimeshazaa, sasa naficha nini? Mjomba wako atanipeleka kwa daktari wiki ijayo. Likifunguka, vizuri. Lisipofunguka, nimebakiwa na moja, na wapo wenye mawili wasiosikia kitu. Mtoto yule nimemhamishia kulia. Kumbe ana maneno mazuri.

Fundi simu nimemwomba radhi. Amenikubalia haraka mno, nikaona kama nimeharakisha.

Na nikuambie jambo nisilomwambia hata mama yako. Siku ile studio nilipanda kwenye ile sauti kwa sababu nilikuwa naogopa, nikasema heri nianguke kutoka juu. Sikuanguka. Leo mjukuu wangu amechukua sahani iliyopakwa mafuta ya cherehani na mchora mabango, akatutoa humo wazima, na akanibeba mimi mwenyewe bila kuniambia kwamba nimebebwa. Ningekuwa na kofia ningevua. Sina. Nimevua kilemba, nimekiweka juu ya hii barua ninapoandika.

Simu sasa ipige. Nitaishika mkono wa kulia.

Na ukija, uje likizo hii hii, usikae upande wowote tu kama mgeni. Ukae kulia kwangu. Kushoto pameshachukuliwa na mume wetu. Yeye simsikii, lakini anachojibu nakijua.

Mke mkubwa